Nyambizi zilizozamisha Elisabethville, Kabalo na Léopoldville

Mtu akitoka Lubumbashi leo kwenda kuiona bahari, upande wowote atakaochagua, atasafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Hata hivyo jina la zamani la mji huu liko chini ya bahari tangu tarehe 6 Septemba 1917. Siku hiyo meli Elisabethville, iliyokuwa ikitoka Kongo kwenda Ulaya, ilizamishwa karibu na kisiwa cha Belle-Île, pwani ya Ufaransa, na nyambizi ya Ujerumani yenye namba UC-71. Mji wa Elisabethville ulikuwa na miaka saba tu. Mji na meli vilizaliwa karibu wakati mmoja, na vyote viwili vilipewa jina la malkia wa Ubelgiji.

Vita vya pili vilichukua majina mengine mawili. Mwezi wa Oktoba 1940 ilizama meli Kabalo, yenye jina la mji ulio kando ya mto Lualaba, ambao familia nyingi zilizohama jimbo la Tanganyika wanaujua vizuri kuliko ramani. Tarehe 24 Desemba 1944 ikazama Léopoldville. Zote tatu zilipigwa na nyambizi, yaani ile meli ya vita inayozama yenyewe na kutembea chini ya maji, ambayo wengi hapa wamezoea kuiita sumareni.

Duniani kuna watu wengi wanaopenda kutengeneza mifano midogo ya nyambizi hizo. Wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki, wanagundisha, kisha kazi yenyewe ndiyo inaanza: kutoboa matundu ambayo kiwanda kilichora tu, kubadili mzinga, kuongeza nyaya, kupaka rangi na kutu. Wengine wanatumia miaka miwili kwa kitu chenye urefu wa mkono. Wanajua idadi ya matundu upande wa kulia. Wanajua jina la kapteni wa nyambizi na tani alizozamisha. Lakini ukiuliza meli iliyozamishwa ilibeba nani, jibu mara nyingi ni mstari mmoja. Hapo ndipo kazi hii inawahusu watu wa Kongo, kwa sababu katika mstari ule mmoja wamo watu wao.

Katanga haina upungufu wa mikono ya kazi hiyo. Watoto wa Katuba na Kenya wanakunja waya na kutoa lori lenye usukani unaozunguka. Na Lubumbashi ina desturi yake ya kusimulia historia kwa mkono: katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha takriban mia moja, akamweleza mtafiti Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha hapa. Aliandika juu ya picha zake mwaka, mahali na jina. Hakuwa akichora gari moshi kwa ajili ya uzuri wa gari moshi.

Kijana anayetaka kuzitengeneza nyambizi hizi tatu hahitaji sanduku la dola. Anahitaji kwanza kipimo kimoja kwa zote, ili zikiwekwa pamoja zisidanganye. Kipimo cha 1:144 kinafaa: kila sentimita moja ya mfano ni mita 1.44 ya kweli. UC-71 ilikuwa na urefu wa mita 50.35, basi mfano wake ni sentimita 35. Nyambizi ya Italia iliyopiga Kabalo, Comandante Cappellini, ilikuwa na mita 73, mfano sentimita 50 na nusu hivi. Ile ya Léopoldville, U-486, ilikuwa na mita 67.1, mfano sentimita 46.6. Na bahati nzuri iko kwenye duka la vifaa vya maji. Mwili wa ndani wa U-486, ule wa chuma kizito unaozuia maji, ulikuwa bomba la upana wa mita 4.7. Ukigawanya kwa 144 unapata milimita 32 na nusu. Bomba la plastiki la milimita 32 linauzwa kila soko.

Bomba peke yake bado si nyambizi. Pembeni mwa mwili huo kulikuwa na matangi ya maji yaliyotuna kama magunia mawili juu ya baiskeli. Ndani ya matangi hayo maji yaliingizwa ili izame, na hewa ikapulizwa ili ipande. Upana wote ukafika mita 6.2, kwenye mfano sentimita 4.3. Magunia hayo yanachongwa kwa mti laini na kugundishwa. Juu yake kuna sitaha, ile sakafu wanayokanyaga mabaharia, na katikati kuna mnara. Mnara unatoka vizuri kwenye bati la kopo la nyanya. Vyuma vya kujishikilia pembezoni vilikuwa na unene wa sentimita chache tu, na uzi mmoja wa shaba uliotolewa ndani ya waya laini wa umeme unakaribia kabisa unene huo kwa kipimo hiki. Shaba katika mkoa huu haihitaji kutafutwa.

Hadi hapo ni ufundi wa kawaida. Ugumu ni tarehe. Nyambizi moja ilibadilishwa mara nyingi, na mfano usio na tarehe ni mfano wa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

UC-71, ya mwaka 1917, ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu watu huichora kwa macho ya vita vya pili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutega mabomu baharini. Mbele ya mnara ilikuwa na mashimo sita yaliyopita mwilini kutoka juu hadi chini, na ndani yake mabomu 18 ya kutega. Kwa hiyo sehemu ya mbele imeinuka na ina vifuniko ambavyo nyambizi nyingine hazina. Mirija miwili ya mbele ya kurushia topido, lile bomu linalojiendesha ndani ya maji, haikufichwa ndani. Ilikaa nje ya mwili mzito, mmoja kila upande. Mzinga wa milimita 88 ulikuwa juu ya sitaha, mbele ya mnara. Fundi akificha mirija ile amefuta alama kubwa ya chombo hicho.

Elisabethville ilisemekana ilibeba almasi za Kongo. Mwaka 1928 wapiga mbizi wa Italia waliokuwa na meli Artiglio waliitafuta, wakaipata, wakashuka hadi kwenye sanduku la chuma la kuhifadhia mali. Almasi hawakuzipata. Walichokuta kwenye meli ni pembe za ndovu. UC-71 yenyewe ilizama tarehe 20 Februari 1919 karibu na kisiwa cha Helgoland, vita vikiwa vimekwisha, ikiwa njiani kwenda kukabidhiwa kwa Waingereza. Uchunguzi wa wapiga mbizi na maandishi ya baharia mmoja vinaonyesha kwamba mabaharia waliizamisha wenyewe ili adui asiikanyage. Haikuvunjika sana, na ndiyo maana waundaji wa mifano wana picha nzuri za kufuata.

Kabalo ni habari ya namna nyingine, na ndiyo ambayo mtoto angeomba asimuliwe mara mbili. Mji wa Kabalo uliwahi kupitiwa na vita vya majini mwaka 1915, pale boti mbili ndogo za Uingereza, Mimi na Toutou, zilipovutwa kwa treni kupitia Elisabethville, zikakokotwa porini, zikateremshwa mto Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapanda treni tena kwenda ziwa Tanganyika kupambana na meli za Wajerumani. Miaka ishirini na mitano baadaye jina hilo likawa baharini, kwenye meli ya mizigo ya Ubelgiji iliyokuwa ikielekea Freetown. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1940 ilikutana na Cappellini. Nyambizi ilikuwa juu ya maji, ikaizamisha kwa mizinga yake.

Kapteni wa Cappellini aliitwa Salvatore Todaro. Baada ya mapigano alikuta mashua ya kuokolea yenye watu 26 wa Kabalo. Hakuwaacha. Aliifunga mashua kwa kamba akaivuta, na kamba iliposhindwa akawapandisha watu wote kwenye nyambizi, akawafikisha salama kisiwa cha Santa Maria katika visiwa vya Azores, huku akijua kwamba nyambizi inayovuta mashua juu ya maji inaweza kuonwa na kupigwa wakati wowote. Todaro mwenyewe aliuawa vitani Desemba 1942. Waitalia walipotengeneza filamu juu yake, iliyotoka mwaka 2023 kwa jina la Comandante, walijenga mfano wa nyambizi hiyo kwa ukubwa wake kamili, mita 73. Huo ni mfano wa kipimo cha moja kwa moja, na ulijengwa kwa sababu ya watu wa Kabalo.

Kwa fundi wa mifano, Cappellini ya Oktoba 1940 inahitaji mnara mkubwa na mpana, kwa mtindo wa Waitalia wa siku zile. Nyambizi nyingi za Italia zilipofika Bordeaux, Ufaransa, minara yao ilipunguzwa, kwa kuwa ilionekana kutoka mbali. Picha za baadaye zitampotosha. Isitoshe chombo hiki kilibadili mwenyewe mara mbili: Wajerumani walikichukua mwaka 1943 wakakiita UIT-24, na mwaka 1945 Wajapani wakakichukua wakakiita I-503. Bendera tatu kwa chombo kimoja. Anayetaka kusimulia Kabalo achague bendera ya Italia, aweke mizinga miwili ya milimita 100, mmoja mbele na mmoja nyuma, halafu nyuma ya yote aweke kamba na mashua ndogo. Bila mashua ile, mfano ni chuma tu.

Inabaki Léopoldville, na hapa hakuna haja ya haraka.

Ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya Compagnie Maritime Belge, ya zaidi ya tani 11,000, iliyozoea safari ya Antwerp na Matadi. Wakati wa vita ikawa ya kubeba wanajeshi. Jioni ya tarehe 24 Desemba 1944 ilikuwa ikivuka kutoka Southampton kwenda Cherbourg na wanajeshi wa Marekani zaidi ya 2,200 wa divisheni ya 66. Walipandishwa kwa haraka na vikosi vikachanganyika, hata orodha zikapoteza maana. Wafanyakazi wa meli walikuwa 237. Kati yao Wabelgiji walikuwa 120, wapiga mizinga wa Uingereza 24, na Wakongo 93.

Karibu saa kumi na mbili jioni, kilomita kama nane tu kabla ya Cherbourg, topido moja ya U-486 iliipiga upande wa kulia, kuelekea nyuma. Wanajeshi waliolala vyumba vya chini walikufa palepale au walinaswa na maji. Meli haikuzama mara moja. Ilibaki juu karibu saa mbili na nusu, na hilo ndilo linalouma zaidi kuliko topido. Matangazo ya kuacha meli yalitolewa kwa Kiflemi, lugha ya Wabelgiji wa kaskazini, na Wamarekani hawakuelewa. Mawasiliano na nchi kavu yalichelewa. Upande wa Cherbourg ilikuwa usiku wa Krismasi. Meli ya vita ya Uingereza, Brilliant, ilisogea ubavuni na wanajeshi wakaruka kutoka meli moja hadi nyingine katika mawimbi. Wengine walikosea wakasagwa katikati. Waliokufa walikuwa wanajeshi zaidi ya 760. Kapteni Charles Limbor alizama na meli yake. Katika wafanyakazi alikufa Mbelgiji mwingine mmoja, na Wakongo watatu.

Wanajeshi walionusurika waliambiwa wasiseme, na familia nyingi Marekani zilikaa miaka mingi bila kujua ndugu yao alikufa wapi. Habari ilipotoka, sehemu kubwa ya lawama iliwekwa juu ya wafanyakazi wa meli: kwamba walishusha mashua za kuokolea wakaondoka, wakiwaacha askari. Inawezekana kabisa kwamba wako waliofanya hivyo. Lakini neno "wafanyakazi" linafunika watu wa vyeo tofauti sana. Mkongo wa kazi za chini katika meli ya kikoloni ya mwaka 1944 hakuwa mtu wa kutoa amri, hakuandika tangazo la Kiflemi, na hakupanga askari kwenye vyumba. Masimulizi yanawaweka wote 93 katika kapu moja na maofisa, kisha yanawasahau hata pale wanapokufa.

Familia iliyowahi kupanda mashua iliyojaa kupita kiasi kukimbia vita haihitaji kuelezwa maana ya safari isiyo na orodha. Tarehe 3 Oktoba 2024, Merdy ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova. Hapo pia swali la kwanza la ndugu waliosimama ufukweni lilikuwa moja: nani alikuwa ndani?

Sasa U-486. Masanduku mengi ya nyambizi za aina yake, aina ya VIIC, hufuata sura iliyojulikana na filamu Das Boot ya 1981, ambayo habari yake ni ya mwaka 1941: mnara mdogo, mzinga wa milimita 88 juu ya sitaha. U-486 iliingia kazini Machi 1944, na nyambizi za wakati huo zilishaacha mzinga huo. Kwa hiyo sitaha mbele ya mnara ibaki tupu. Badala yake mnara uongezwe majukwaa mawili upande wa nyuma, moja la juu na moja la chini, kwa mizinga ya kupigia ndege, maana adui mkubwa sasa alitoka angani. Matundu ya kupitisha maji pembeni ya mwili hayakufanana kwa viwanda vyote. Yafuatwe ya Deutsche Werke ya Kiel, iliyoijenga. Sindano iliyochomwa kwenye mshumaa inatoboa plastiki vizuri, ila tundu litanguliwe na alama ya penseli, la sivyo mstari unapinda.

Upande wa kushoto wa sitaha, mbele ya mnara, kuna mfereji mrefu ambamo bomba la kupumulia lililala. Hilo ndilo lililoiwezesha U-486 kufika pale ilipofika. Injini za dizeli zinahitaji hewa, na zamani nyambizi ililazimika kupanda juu ili kuziwasha na kujaza betri. Kwa bomba hili ilibaki chini ya maji na kutoa ncha tu ya kuvuta hewa. Ndege na meli za Uingereza zilizojaa mlango ule wa bahari hazikuiona.

Halafu kuna ngozi. U-486 ilikuwa moja ya nyambizi chache zilizofunikwa kwa mpira mwembamba wenye matundu, uliopewa jina la Alberich, ili kumeza sauti ambazo meli za kuwinda hutuma chini ya maji. Unene wa mpira huo ulikuwa milimita 4. Kwa kipimo cha 1:144 hiyo ni chini ya nusu ya unene wa unywele, na hakuna kidole kitakachoutengeneza. Kinachowezekana ni kuonyesha mipaka ya vipande kwa rangi mbili za kijivu zinazokaribiana, na hapa na pale kipande kilichobanduka, kwa sababu gundi yake ilisumbua baharini. Kutu isizidi. Chombo kilikuwa kwenye safari yake ya kwanza ya vita, na mafundi wengi wanakipaka kutu kama kadinga iliyotelekezwa.

Saa ya topido, U-486 ilikuwa chini ya maji. Anayeiweka juu ya mawimbi ya plasta, mabaharia wakishangilia mnarani, amebuni. Iwekwe kwenye stendi, mwili wote uonekane, na kando yake Léopoldville kwa kipimo kilekile. Meli hiyo ilikuwa na zaidi ya mita 140. Mfano wake utakaribia mita moja, mara mbili ya nyambizi, na utamaliza kopo la rangi peke yake. Hakuna sanduku lake kwenye maduka ya kawaida. Itabidi ichongwe yote, pamoja na mashua za kuokolea ubavuni. Ni kazi ya miezi, lakini bila hiyo mtazamaji ataona mwindaji bila kuona aliyewindwa.

Siku mbili baada ya Léopoldville, U-486 ilizamisha meli ya vita ya Uingereza Capel na kuharibu nyingine, Affleck. Ilirudi Norway. Safari yake ya pili ilidumu siku chache: tarehe 12 Aprili 1945 nyambizi ya Uingereza, Tapir, iliipiga karibu na Bergen, na watu wote 48 wakafa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2013, mita 250 hivi chini, wakati kampuni ya mafuta ilipokuwa ikitafuta njia ya bomba. Mabaki ya Léopoldville yalipatikana mwaka 1984, yamelala ubavu nje ya Cherbourg.

Kwenye kibao cha chini ya mfano, mafundi huandika namba ya nyambizi, jina la kapteni na tarehe. Kwa mfano utakaotengenezwa Lubumbashi nafasi inatosha kuongeza mistari miwili: Wakongo 93 melini, watatu hawakurudi. Majina ya hao watatu hayamo katika masimulizi yanayosomwa zaidi. Mabaharia wengi wa Kongo waliajiriwa upande wa Matadi na Boma, na watoto na wajukuu wao wametawanyika nchi nzima, hata huku Katanga. Nyumba yenye kitabu cha kazi cha babu, barua ya kampuni ya meli au picha ya kijana mwenye kofia ya baharia, huenda ndiyo yenye mstari wa tatu wa kibao hicho.